Mkono Begani kwa Marehemu

Antena alipewa jina hilo shuleni kwa sababu ya masikio yake, yaliyosimama kama yanatafuta stesheni. Siku hizi ni msafisha sura. Mteja anaingia studio ya picha na chunusi zake, anavikwa koti lililokwisha kuvaliwa na nusu ya mji, halafu anatokea kwenye karatasi amependeza hata mama mzazi hamtambui.

Asubuhi hiyo alishughulikia picha za vitambulisho, zile zinazotakiwa ziwe nyekundu nyuma. Kwenye kompyuta yake kuna viboksi viwili vya rangi: cha mbele ndicho brashi inachopaka, cha nyuma ndicho kinachojaa pale ulipofuta. Cha nyuma alikiacha chekundu. Kumbuka hilo, maana yeye hakukumbuka.

Shangazi yake akaingia na picha ya marehemu mumewe, pembeni imeliwa na ukungu.

"Nisafishie, mwanangu. Nataka kuitundika sebuleni, kubwa."

"Tena bure, Shangazi. Nimpunguzie na masikio?"

"Masikio usiyaguse."

Antena akaiskani, akaikuza. Alipoongeza mwanga penye ukungu, mkono ukajitokeza begani kwa marehemu. Mkono wa mwanamke, umetulia kama mwenye nyumba. Kidole cha mwisho kimepinda kwa nje.

Moyo ukamshuka hadi kwenye kandambili. Kidole hicho kilimfinya utotoni mwake mote! Ni cha mama yake, kilichobanwa na mlango akiwa msichana. Mama huyo huyo ambaye kila Jumamosi humsuka Shangazi nywele, wakiwasengenya majirani mpaka machozi yanawatoka. Shangazi akijua, zitakazofumuliwa si nywele tu.

Bahati nzuri, miwani ya Shangazi ilikuwa bado mkobani. Antena akauzungushia mkono ule mstari wa kuchagulia, huku akisifia hali ya hewa, akabonyeza kitufe cha kufuta.

Mkono ukawa mwekundu pyu! Kwenye picha nzima ya kijivu, hata kipofu angeuona.

Shangazi akatoa miwani. Antena akaruka kurudisha alichofuta, lakini akadakwa kifundo cha mkono.

"Huo si mkono wa mamako?"

"Shangazi, hii mashine..."

"Mashine imekukosea nini? Picha ilikuwa pana hii. Mamako alisimama hapa, nikamkata kwa mkasi kwa mikono yangu. Mkono niliuacha, ningekata na bega la mume wangu."

Antena alimgeukia.

"Kwa hiyo... unajua? Na Jumamosi zote hizo?"

"Nilimnunia miaka minne. Halafu nikaona nanuna peke yangu, mume mwenyewe anakoroma. Na hakuna anayesuka kama yeye."

Antena akageukia kompyuta. Marehemu alimtazama kwa utulivu, masikio yamesimama kulia na kushoto, yanatafuta stesheni. Tangu yaingie studio aliyaona kama kazi tu. Taratibu akapeleka mkono, akashika sikio lake mwenyewe.

"Shangazi... kwa nini ulisema masikio nisiyaguse?"

Shangazi alikuwa anafuta miwani kwa pindo la nguo.

"Mkono urudishe ulivyokuwa," alisema. "Masikio, kila ukija kunisalimia, sebuleni yanakuwa mawili. Mimi nataka yawe manne."