Dobi wa Mwandishi

Mama hajauliza tena habari za kitabu kile cha barua. Binti yake, mpiga chapa, ndiye aliyechapa barua zote za marehemu mwandishi, ambaye mama alimfulia nguo tangu ujana wake. Katika barua moja mwandishi alimsifu dobi wake, kwamba kicheko chake kilimwondolea uchovu. Binti akairuka aya hiyo, asije akajulikana ofisini kuwa ni mtoto wa dobi.

Kitabu kilipotoka, mama, asiyejua kusoma, alipapasa jalada.

“Mwanangu, nimo? Yule mzee na mdomo wake, aniache mimi?”

“Hapana, mama, humo.”

“Basi. Alikuwa na watu wengi, maskini.”

Binti akashindwa kumtazama usoni. Bado anachapa katika ofisi ile ile.