Changarawe Nyeupe

Pale Majimoto, Marsela ndiye aliyetegemewa kuchambua mchele. Iwe harusi, iwe komunyo ya kwanza, mchele ulipita kwanza kwenye ungo wake. Mwaka 1996 macho yakaanza kumgeuka. Kila alipoukazia mchele macho, palitanda ukungu palepale alipotazama. Akagundua kwamba akitazama ukingo wa ungo, mchele wa katikati unaonekana kidogo. Hata watu akawa anawatazama masikioni ili azione nyuso zao, nao wakadhani anaringa.

Daktari wa macho aliyepita misheni alimpima, akamwambia:

"Mama, katikati ya jicho pamekufa. Umejifunza kuonea pembeni, na umefanya vizuri. Lakini pembeni hapaoni kwa ukali, na vitu vya rangi moja hapavitenganishi."

"Miwani je?"

"Haitasaidia, mama."

Akaendelea na kazi hivyo hivyo. Changarawe nyeusi alizitoa. Nyeupe zilipotelea kwenye mchele. Aligeuza shingo huku na huku, akasogea juani, lakini wapi!

Siku ya kipaimara cha mjukuu wake alichambua debe zima. Alipomaliza, mkwe wake Jeniffer akamwambia, "Asante mama, kapumzike," akaubeba mchele nyuma ya jiko. Punde Marsela akasikia ukichambuliwa upya, vijiwe vikidondoka kwenye bakuli la bati, kimoja kimoja. Alitaka kuinuka aseme kitu. Lakini akabaki kwenye mkeka.