Kinyozi na Benchi la Katikati

Kinyozi alikuwa na mdomo, tena mdomo wa kujaliwa, ila ulifanya kazi ndani ya kioo tu. Ukae kwenye kile kiti chake chekundu, akufunge shuka shingoni, asimame nyuma yako na mashine mkononi, hapo ndipo utamjua. Atakuchekesha mpaka umsihi anyamaze kwanza, masikio yako yapone. Lakini mkutane njiani, uso kwa uso, kioo hakuna, masikini ya Mungu! Anageuka bubu. Anavitazama viatu vyako, anasema, "Eeh, ndiyo hivyo," anapita. Tangu ujana wake alizoea kuongea na visogo, na macho ya watu aliyaona kwa kupitia kioo. Ana kwa ana hakujua yake ayaweke wapi.

Sasa mtu wa namna hii akipenda, kazi ipo.

Na alikuwa amependa, we acha tu. Alimpenda Fundi, mwanamke mshonaji wa chumba cha pili, ambaye cherehani yake ilisikika ukutani kutwa nzima. Fundi hakuwa na mume, wala hakuonekana kuhangaika kumtafuta. Nywele zake alizipenda fupi, kwa hiyo alikuwa mteja wa Kinyozi, na akikaa kwenye kile kiti alicheka mpaka shuka likadondoka. Kinyozi alitaka kumwomba wafunge ndoa. Angemwombea wapi? Benchi la wateja halijawahi kuwa tupu, na watu wanaosubiri kunyolewa hawana kazi nyingine ila kusikiliza.

Ndipo siku moja Fundi, kichwa kikiwa chini ya mashine, akasema kwenye kioo, "Nasikia una boti. Mimi tangu nizaliwe sijapanda chombo cha majini. Jumapili nipeleke bwawani na mimi."

Kinyozi nusura amnyoe nyusi.

Boti yenyewe mtaani waliiita Sufuria. Ilikuwa ya alumini, ya zamani hasa, imebonyea hapa na pale, na baba yake Kinyozi aliitumia kuvulia samaki mpaka alipofariki. Tangu hapo ilikaa uani juu ya matofali, shangazi yake akiifanya stoo ya kuni. Kinyozi alitoa kuni zote. Akaijaza maji mpaka ukingoni aone kama kuna ribiti, zile pini zinazounganisha mabati, inayovuja, akaizunguka akiwa amechuchumaa, hakuna hata moja iliyotoa tone. Akaisugua kwa majivu na limau, ikang'aa mpaka Shangazi akasimama ubavuni mwa boti kujitazama akifunga kilemba.

"Hii sasa si boti, ni kabati la vioo," alisema Shangazi. "Huyo mwanamke ana bahati. Mimi miaka yote naomba unisugulie masufuria, unaniambia mgongo unauma."

Tatizo likawa mabenchi. Boti ile ilikuwa ya kupiga makasia. Mpiga kasia hukaa benchi la katikati akitazama nyuma, na abiria hukaa benchi la nyuma akitazama mbele. Yaani wanatazamana, na magoti yao nusura yagusane. Kinyozi alikaa pale katikati kujaribu, akamfikiria Fundi mbele yake, macho yale mawili makubwa yakimtazama, kioo hakuna, shuka hakuna, pa kukimbilia hakuna maana pande zote ni maji. Angesema nini? Eeh, ndiyo hivyo?

Akamwita Cheche.

Cheche alikuwa rafiki yake, mchomeleaji vyuma, mtu ambaye ukimwonyesha kitu kizima anaona mahali pa kukikata. Alifika na chaki sikioni na grenda, mashine yake ya kukatia vyuma, mkononi.

"Nataka haya mabenchi yatoke," alisema Kinyozi, akitazama viatu vya Cheche. "Weka sakafu bapa. Weka viti viwili vinavyotazama mbele, kimoja nyuma ya kingine, kama vya basi. Injini nitaazima."

"Kiti cha mbele anakaa nani?"

"Yeye."

"Na wewe nyuma yake?"

"Ndiyo."

"Mwanamke umempeleka kutembea halafu unakaa nyuma yake? Kwa nini?"

"Mambo ya uzito," alisema Kinyozi. "Boti isilale upande."

Cheche alimtazama sana, lakini grenda ilikuwa inamwasha mkononi. Akagonga benchi la katikati kwa ngumi. "Nikwambie ukweli? Hili ndilo linalozishika mbavu. Nikilikata, boti italegea kama suruali isiyo na mkanda. Nitaweka vyuma, sikatai, ila haitakuwa tena boti ya mzee."

Kinyozi akalipapasa benchi. Baba yake alikuwa amekalia lile benchi mpaka rangi ikabaki kwenye kingo tu. Lakini akimfikiria Fundi na yale macho, benchi la baba likaonekana dogo. "Kata," alisema.

Cheche akapiga mistari ya chaki, huku na huku, akaenda karakana kuchukua waya mrefu wa umeme.

Hakujapoa, Fundi huyo mlangoni, futi ya kupimia shingoni.

"Hodi wenyewe! Nimekuja kupima mabenchi nishone mito. Siwezi kukalia bati mchana kutwa, mimi si kuku." Akaizunguka boti akiipapasa, akicheka na sura yake iliyovutwa ubavuni. "Jamani, ni nzuri hivi! Mbona hukusema ni nzuri hivi?" Halafu akaona mistari, kicheko kikakatika. "Nani kapiga chaki hapa?"

"Eeh," alisema Kinyozi.

"Mimi chaki naijua. Ikipigwa chaki, mkasi uko njiani. Unataka kuikata?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi, mistari imeshika benchi zima!" Fundi aliweka mikono kiunoni. "Sikiliza, Kinyozi. Mtu akiniletea gauni la marehemu mama yake nilifanye sketi, sishiki mkasi. Kwanza namvalisha lilivyo, ajitazame. Wengi wanalibeba wanarudi nalo nyumbani. Haya, ingia. Tuivae ilivyo."

Kabla Kinyozi hajajibu, Fundi alishapanda, kandambili kaziacha chini, yuko benchi la nyuma amekaa kama mwenye chombo. Kinyozi angefanya nini? Akapanda, akakaa katikati. Magoti kwa magoti. Alitazama miguu ya Fundi, haikusaidia, ni miguu mizuri. Akatazama ubavu wa boti unaong'aa apate japo kioo, akamwona Fundi ana mdomo mpana wa sahani na jicho moja, akataka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Sasa kinachokusumbua hapa ni nini?" aliuliza Fundi, sauti imeshuka. "Boti nzima, imara, ya baba yako. Unaikatia nini? Niambie mimi."

Kinyozi alifumba macho. "Kuna jambo nataka kukwambia. Na nikikutazama usoni siwezi kusema. Nilitaka unipe kisogo."

Jikoni kwa Shangazi hata mwiko uliacha kugonga chungu.

Fundi hakucheka. Alinyanyua miguu, akaipitisha juu ya benchi, akageuka mzima mzima, akatazama ukuta wa choo. "Kisogo hicho," alisema. "Sema."

Kile kisogo Kinyozi alikijua kuliko kiganja chake, na mdomo ukafunguka wenyewe, akapiga magoti nyuma yake.

"Fundi, nakupenda. Nakupenda tangu siku ile ulipogonga ukuta nipunguze redio, nami nikaongeza ili ugonge tena. Cherehani yako ikinyamaza mimi naharibu kazi. Kuna mzee wa watu alitoka kwangu na mtaro kichwani kwa sababu ulikuwa umekwenda kununua nyuzi! Wewe ukija kunyolewa nakunyoa taratibu, zile nywele dakika mbili zimekwisha, sehemu kubwa napunga mashine hewani. Nataka tufunge ndoa. Nataka tutoboe ule ukuta. Nataka nizeeke nakusikia ukigombana na sindano. Ukikataa nitakunyoa vilevile, sitakukata, lakini nitalia, na nywele zitakunata shingoni."

Akanyamaza, anahema. Fundi hakugeuka. Lakini kinyozi yeyote atakwambia: mteja akitabasamu, huhitaji kioo, masikio yanapanda. Na masikio ya Fundi yalikuwa yanapanda. Yalipanda, yakapanda, mpaka ngozi ya kisogo ikajikunja chini ya nywele, na Kinyozi, mikono kichwani, akajua ameshakubaliwa, furaha ikampanda mpaka boti ikatikisika juu ya matofali.

Fundi akarudisha miguu, akageuka, uso unang'aa kuliko boti. "Sasa rudia," alisema. "Hivi hivi, unanitazama."

Kinyozi akarudi benchi la katikati. Akainua macho. Akafungua mdomo, ukafunga, ukafunguka.

"Eeh," alisema. "Ndiyo hivyo."

"Eeh," alisema Fundi, machozi yakimtoka kwa kicheko. "Ndiyo hivyo."

"Amekubali au hajakubali?" Shangazi alipiga kelele dirishani. "Semeni, chakula kinaungua huku!"

Cheche naye akaingia na waya begani na grenda mkononi. "Nichomeke wapi? Nikate?"

"Ukate nini!" walimjia juu wote watatu, na Fundi akafuta chaki kwa kiganja, mstari mmoja baada ya mwingine, kisha akatoa futi yake, akalipima benchi la katikati upana na urefu. "Hili nalishonea mto mnene kuliko yote," alisema. "Huyu atakaa hapa muda mrefu." Akarudi mahali pake. "Haya, hebu nione unavyoendesha. Mimi ndiye ninayeona mbele, si ndiyo? Wewe huoni kitu?"

"Huwa sioni. Abiria ndiye ananiambia."

"Na unafuata?"

"Nafuata."

"Na ulitaka kukata raha yote hiyo!"

Kinyozi akachukua makasia, akapiga hewani pale juu ya matofali, Cheche amejishika kichwa, Shangazi ametoka na mwiko.

"Kulia," alisema Fundi. "Kulia, kulia, tutakigonga choo! Haya, sasa nyoosha."

Kinyozi alinyoosha. Alivuta makasia kwa nguvu zake zote, na macho yake, ambayo siku zote hakujua ayaweke wapi, aliyaweka usoni mwa Fundi, akayaacha hapo.