Kabureta ya Mashindano Mlimani Muyama

Theodosia Niyubahwe, ambaye sokoni Kasulu walimwita Mama Elieth, hakuwa mtu wa kungoja ruhusa. Mumewe alipofariki na kumwachia Landrova kuukuu ya petroli, ndugu wa marehemu waliitisha kikao wamtafutie dereva. Walipokuwa wakikaa, yeye alishaliwasha gari akaenda zake Muyama kufuata maharage. Walimsubiri mpaka wakachoka, kikao kikajivunja chenyewe.

Mwaka wa tisini na sita maharage yalikuwa na soko kubwa, maana kambi za Kibondo zilifurika wakimbizi. Katikati ya hekaheka hizo kabureta ya Landrova ikafa kwa uzee. Saidi, muuza vipuri wa Kigoma mjini, akampatia nyingine ya matundu mawili, iliyotolewa kwenye gari la mashindano.

"Na hii, mama, utapaa," Saidi alimwambia.

Nduwayezu, fundi wake wa miaka yote pale Kasulu, akaifunga. Gari halikupaa. Kwenye tambarare lilikuwa na nguvu za nyati, lakini ukilikanyaga ghafla lilisita, likanyamaza kidogo kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, ndipo likaruka. Nduwayezu akaona linakosa mafuta. Akafungua jeti, vile vipande vya shaba vyenye kijitundu cha kupimia petroli, akazitoboa zikawa pana zaidi. Kusita kukabaki palepale, ila sasa moshi mweusi ulitoka nyuma, plagi zikajaa masizi, na mafuta ya kwenda Kibondo na kurudi yakawa yanaishia njiani.

Siku moja Theodosia alipakia chumvi, mabati na abiria wachache kwenda Muyama. Kwenye kona kali ya mlimani alibadili gia, akakanyaga. Injini ikanyamaza. Gari likaanza kurudi nyuma. Theodosia alishika breki, akauzungusha usukani, gurudumu la nyuma likaegemea ukingo wa barabara, likatulia.

Makarius, mwenye mabati, aliruka chini. "Mama Elieth, liuze hili. Mlima hautaki mambo ya mashindano."

"Sukumeni kwanza," alisema Theodosia. "Habari ya kuuza tutaongea tukifika juu."

Walifika, ila hakuna aliyeongea habari ya kuuza, kwa sababu mwenye gari alikuwa na mawazo yake. Njia nzima ya kurudi alilijaribu gari. Akikanyaga taratibu, lilikwenda bila shida. Akikanyaga ghafla, lilisita. Kama lingekuwa na njaa kweli, aliwaza, lingelalamika wakati wote.

Asubuhi yake alimkuta Nduwayezu akifungua kibanda.

"Bwakeye, fundi," alimwamkia kwa Kiha.

"Ego, bwakeye, mama. Nitoboe tena?"

"Hapana. Usitoboe tena." Akamweleza alichokiona barabarani.

Nduwayezu alikuna kidevu kwa bisibisi. Kisha akavua kifuniko cha hewa, injini ikiwa imezimwa. "Chungulia humo nikivuta waya wa mafuta. Uniambie unaona nini."

Alivuta kwa nguvu. Petroli ilipaswa kuruka ndani ya tundu kama mate ya mtu aliyekasirika. Theodosia aliona tone moja likidondoka kivivu.

"Tone tu," alisema.

Fundi akafungua pampu ndogo iliyo ubavuni mwa kabureta, ile inayotupa mafuta pale dereva anapokanyaga. Kipande chake cha mpira kilikuwa kimechanika. Akakiinua juani, mwanga ukapita katikati.

"Halikuwa na njaa," Nduwayezu alisema. "Lilikosa funda la kwanza tu. Na mimi nikawa nalinywesha kutwa nzima."

"Basi liachishe."

Fundi alicheka, akaingia kazini. Mpira mpya aliukata kutoka kabureta ya Peugeot iliyokufa nyuma ya kibanda. Jeti akaziziba kwa risasi ya kulehemu, akazitoboa upya kwa waya mwembamba. Boya nalo, lile linaloelea ndani ya kabureta na kufunga mafuta yakijaa, alilikunja ulimi wake kidogo, ili mafuta yafungwe mapema. Mara ya kwanza alikaza mno. Gari likakohoa na kupata joto mlimani, wakarudi akapanua matundu ya jeti kwa unene wa unywele mmoja. Mwisho akashika skrubu ya hewa na mafuta, Theodosia akiwa kwenye usukani, masikio wazi.

"Rudisha kidogo," alimwambia fundi. "Tena. Acha hapo."

Injini ilitulia, ikanguruma sauti moja. Walipolizungusha mjini na kuchomoa plagi, zilikuwa na rangi ya tofali lililoiva, dalili kwamba mafuta yanaungua sawasawa.

Siku ya soko iliyofuata Makarius alipanda tena, safari hii akiwa ameshika bomba la kujishikilia nyuma ya gari kwa mikono miwili. Kwenye kona ileile Theodosia alishusha gia, akakanyaga ghafla, makusudi kabisa. Landrova ikaitika papo hapo, ikapanda na mzigo wake wote.

Juu Makarius alikung'uta vumbi taratibu. "Wiki ijayo nina mabati mengine."

"Yalete mapema," alisema Mama Elieth. "Mimi sisubiri mtu."

Jioni alishuka na magunia ya maharage, na kesho yake akayafikisha Kibondo kabla jua halijawaka, akarudi Kasulu bila kuongeza mafuta njiani.