Pua ya Mama

Mama yangu alipika kwa pua. Muulize yeyote pale kwetu Kisarawe. Alikuwa anakaa barazani akisuka ukili, wali wa nazi uko uani umepaliwa makaa, na ghafla anapaza sauti: "Epueni huo, umeiva!" Ukifunua, umeiva kweli. Sisi wanawe tulimtania kwamba amezaliwa na pua mbili.

Kisha ikaja korona. Mama akashikwa na homa na kikohozi, tukamfunika blanketi juu ya sufuria ya nyungu, majani ya mwarobaini na mchaichai, mpaka akapiga kelele kwamba tunamchemsha kama muhogo. Akapona, alhamdulillahi. Ila uwezo wa kunusa haukurudi.

Mimi nauza dawa za mifugo mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha. Virusi vya ukoo huo wa korona nilivijua zamani: vingine huwakohoza kuku wakapunguza kutaga, vingine huwaharisha ndama. Siku moja nilimweleza mama hayo kwenye simu, akauliza, "Na hao kuku wako wakishapona, harufu wanasikia?" Nikamwambia hakuna kuku aliyewahi kunijibu. Akacheka kidogo, kicheko kilichonikata maini.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya kwanza, nimeipata kwa kuchelewa, baada ya kusemwa sana na majirani wasio na kazi. Mama aliniambia wazi: "Ladha ya mchuzi nimesamehe. Wali ukiungua nitakula hivyo hivyo. Lakini mjukuu wangu nataka nimnuse. Mtoto mchanga usipomnusa utosini, umempokeaje?"

Jamani, nilimtamani mama yangu wa zamani kuliko nilivyotamani maembe mabichi ya mimba. Mteja wangu mmoja, nesi, alinishauri mama awe ananusa vitu vikali kila asubuhi, pengine pua itazinduka. Basi kila nilipokwenda Kisarawe nilibeba karafuu, iliki, malimao na udi, utadhani napeleka posa.

"Subira yavuta heri, mama," nilimwambia.

"Heri gani hiyo inayovutwa kama mkokoteni wa maji? Hebu lete hizo karafuu."

Safari ya mwisho kabla sijajifungua, alizikusanya karafuu viganjani, akafumba macho, akavuta pumzi.

"Nasikia!"

"Kweli, mama?"

"Kwa mbali. Lakini nasikia."

Nililia pale pale mkekani. Nikarudi Kibaha nimechangamka, nikawatangazia wateja wote, hata aliyefuata dawa ya viroboto.

Nikajifungua hospitali ya Tumbi, mtoto wa kike. Tuliporudi nyumbani mama akaja kunilea arobaini, amebeba kanga zake na pilipili manga ya uji wa mzazi. Nilimwamkia shikamoo, hata hakuitikia. Alinyoosha mikono tu. Akampokea mtoto, akaweka pua utosini, akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi.

Wifi yangu alikuwa amebandika maharage jikoni akatoka kidogo kwenda dukani. Yakakauka, yakaanza kuungua. Harufu ile kali ikaingia chumbani, mimi kitandani nikaziba pua kwa kanga. Mama alikuwa amesimama mlangoni, jiko liko nyuma yake kabisa, wala hakugeuka.

"Mama," nikasema, "maharage yanaungua."

Akanitazama. Nikajua, naye akajua kwamba nimejua.

"Kumbe zile karafuu..."

"Nilitaka uzae ukiwa na raha, mwanangu," akasema. "Mwenye mimba haongezewi mzigo."

Nilikuwa na hasira, na huruma, na hamu ya kumkumbatia, vyote pamoja. Aliniwekea mtoto mapajani, akaenda kuepua sufuria, akarudi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Haya, nisaidie," akasema. "Ananukiaje?"

Nikainamisha pua utosini kwa mwanangu. Nikamwambia maziwa. Nikamwambia mafuta ya nazi. Nikamwambia kuna kingine, kizuri mno, ila jina lake silijui.

"Hicho," mama akasema, machozi yakimtiririka. "Hicho hicho ndicho ninachokitaka."