Kibuyu cha Bibi Kwenye Bustani ya Bwana

Wiki iliyopita mjukuu wangu alinipeleka kutazama sanaa za kisasa, kwenye jumba lililo katikati ya bustani kubwa, si mbali na Kijenge. Maua yamepangwa, nyasi zimekatwa sawasawa, na Mlima Meru unauona wote. Ndani nikakuta kibuyu kikavu kimening'inizwa kwa waya, chini yake kibao: USIGUSE. Nilicheka mpaka mlinzi akageuka. Ningeachaje kucheka, ndugu yangu?

Enzi za Mwingereza, bwana mmoja mwenye shamba la kahawa chini ya kwetu alifungua bustani yake ili Wazungu wenzake waje kutazama vitu vya wenyeji. Tarishi wake alipita nyumba kwa nyumba kuviazima. Kwa bibi yangu alichukua kibuyu cha maziwa, kile alichopewa na mama yake siku alipoolewa. Aliahidi kukirudisha kabla ya mvua. Mvua zikaja, zikaisha, kibuyu hakikurudi.

Bibi alikosa raha. Kila asubuhi alizoea kukifukiza kwa kijinga cha moto cha mzeituni wa porini kabla ya kutia maziwa, na harufu ile ndiyo iliyokuwa ikiniamsha. Alisema kibuyu kikikaa bila maziwa hupasuka. Mwishowe akajitanda khanga, akatia maziwa kwenye chupa, akanishika mkono.

Mlangoni mwa bustani tulimkuta karani wa bwana, kijana tuliyesali naye kanisa moja.

"Shikamoo, bibi. Leo ni siku ya Wazungu."

"Marahaba. Na kibuyu changu siku yake lini?"

Bibi akapita ndani, nami nyuma yake.

Kilikuwa juu ya kitambaa cheupe, kimefudikizwa, na ufa mrefu ubavuni. Bibi akakiinua, akamimina maziwa. Yakavuja, yakalowesha kitambaa chote. Karani akashika kichwa.

"Bibi, utanifukuzisha kazi!"

"Mwambie bwana wako nimekichukua mimi. Nyumbani kwangu anapajua."

Tulitoka kwa kukatiza kwenye nyasi zilizokatazwa kukanyagwa. Nilikuwa na miaka saba, nikazikanyaga kwa nguvu, makusudi.

Bibi aliushona ule ufa kwa singa za mkia wa ng'ombe, akafukiza, akajaza. Siku ya tatu tarishi akaja. Bibi akampa maziwa kutoka kibuyu hicho hicho. Akanywa, akafuta midomo, akautazama ule mshono kwa muda.

"Nimetumwa kibuyu kikavu," akasema. "Hiki kina maziwa."

Akaenda zake.

Bibi hayupo tena. Penye zizi lake sasa pana gereji, na mzeituni ulishakatwa. Inaniuma, sitakuficha. Lakini sikuzeeka ili nije kuambiwa nisiguse kibuyu. Nilikishika kile cha kwenye waya, nikakinusa. Hakikuwa na moshi wala maziwa.

Mlinzi akaja mbio. "Shikamoo, bibi. Hairuhusiwi kugusa."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, kibuyu kikiwa bado mkononi, kisha nikamtuma mjukuu wangu akaninunulie maziwa.