Jumamosi Niliyoosha Gari

Baba aliondoka kwao Mudende, milimani huko Rwanda, kwa miguu akiwa na miaka kumi na tisa, akaapa kwamba siku ya kurudi atarudi ameketi kiti cha mbele cha gari lake mwenyewe. Kiapo cha kipuuzi, nikisema kweli. Siku ya kurudi ilipokaribia mabasi madogo yalikuwepo, na jirani mmoja alijitolea kumpandisha bure kabisa. Baba akamshukuru, akamkaribisha chai, kisha akakataa. Alikuwa ameendesha magari ya watu huko Karagwe, Tanzania, miaka thelathini na kitu, ndipo akapata pikapu yake, kuukuu, ile aina inayovuta kwa magurudumu yote manne. Ndiyo iliyotuleta Rwanda, sisi na magodoro yetu. Tulipofika Gisenyi ekseli ya mbele ilianza kulia, ikagonga siku mbili, halafu tairi la kulia likakataa kuzunguka. Tukabaki mjini, milima ya kwao tukiiona kwa macho tu.

Kisha njia ya kupanda Mudende ikaingiwa na vita, tukakaa. Ilipotulia, mwishoni mwa miaka ya tisini, Baba alikuwa anaumwa moyo. Daktari alinivuta pembeni akaniambia nisimpangie mambo ya mwakani. Nikarudi nyumbani, nikavaa nguo mbovu, nikaiinua pikapu kwa jeki na kuiegemeza juu ya magogo pale uani. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si fundi. Ufundi wangu wote ulikuwa kumpa Baba spana tangu utotoni.

Mambo ya gari tuliyazungumza kwa Kiswahili, mengine yote kwa Kinyarwanda. Baba alikaa kwenye kiti uani na blanketi magotini, akinisema. Alikuwa na utaratibu wake. Kitenge kizee cha Mama kilitandikwa chini, na kila kilichotoka kwenye ekseli kikaoshwa kwa mafuta ya taa na kupangwa juu yake kwa mfuatano, vya kulia kulia, vya kushoto kushoto, na ole wako ukikiruka kile kitenge. Nilikiruka mara moja nikaitwa mpuuzi mbele ya mke wangu. Nilicheka. Ningelipa chochote leo niitwe mpuuzi tena.

Ndani kulikuwa kumeharibika vibaya. Grisi imekuwa tope, beringi zimechimbika, na kile kiungo kinacholiwezesha tairi kuvuta huku likikata kona kilikuwa kimepasuka. Nikavuka mpaka mdogo kwenda Goma, upande wa Kongo, na vyuma vibovu mfukoni, nikarudi na vingine. Muuza spea wa kule alinifunga sili za mpira kwenye gazeti akasema, bon, hizi ziko muzuri, mwalimu, zitazuia vumbi na maji, utachoka wewe, zenyewe bado. Ndiyo jozi ya mwisho aliyokuwa nayo.

Kukaza kulikuwa kazi ya Baba. Kifundo cha gurudumu kikikazwa sana usukani unakuwa mgumu, kikilegea gari linacheza barabarani, na sisi hatukuwa na kipimo. Akaniagiza nikaazime mizani ya kuning'iniza kwa jirani yetu muuza sambaza, dagaa wa ziwa la pale. Tukaifunga kwenye mkono wa usukani, nikawa navuta polepole huku yeye akisoma mshale, nao unanuka samaki. Ongeza kipande cha bati, punguza kipande. Jioni mbili nzima, mpaka aliporidhika. Yule mama alikuja kila asubuhi kuchukua mizani yake na kuirudisha jioni, akimtania Baba kwamba safari hii sambaza zake zitauzwa zikiwa na grisi.

Wiki ya tatu, Jumamosi, tukamaliza. Kesho yake Jumapili tungepanda. Nikaipeleka pikapu kwenye mlima kuijaribu, ikapanda kimya, ikashuka kimya. Nilikuwa naimba. Jamani, nilikuwa na furaha siku ile hata naona aibu kuikumbuka. Wakati wa kurudi nikapita kando ya ziwa, na Jumamosi Gisenyi gari halioshwi kwa ndoo. Unaliingiza ziwani mpaka maji yafunike nusu ya tairi, unapanda juu na brashi. Magari manne yalikuwa majini tayari. Nami nikaingia. Nilitaka watu wa Mudende wamwone Baba akishuka kwenye gari linalong'aa. Hakuna aliyeniomba.

Nilipofika nyumbani koti lake la safari lilikuwa limetundikwa mlangoni. Akaniambia ninyanyue tairi moja. Akalizungusha kwa mkono, sikio karibu, kama alivyofanya siku zote kabla ya safari. Akalizungusha tena.

"Umeiingiza ziwani?"

Nikasema kidogo tu.

"Ikiwa na moto?"

Breki na vifundo vilikuwa vimeiva kwa ule mlima, na chuma cha moto kikiguswa na maji baridi kinavuta maji ndani. Dereva wa miaka thelathini hahitaji kuelezwa hilo.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Grisi mpya ilitoka nyeupe kama maziwa, imejaa ule mchanga mweusi wa ziwa letu. Sili zilikuwa zimeshakwaruzika. Nilimngojea anifokee, maana hasira za Baba nazijua. Hakufoka. Alisema tutakwenda Jumapili ijayo, akaingia ndani, akalitoa koti mlangoni.

Jumatatu muuza spea aliniambia mzigo wa sili nyingine utafika Alhamisi. Jumatano mchana, baada ya uji, Baba alifariki kwenye kile kiti uani, vyuma vimepangwa mbele yake, vya kulia kulia, vya kushoto kushoto.

Alhamisi nikazifuata zile sili. Niliifunga ekseli peke yangu, nikilia bila kujificha. Jirani alileta mizani kabla sijaiomba, akanisomea mshale.

Tangu hapo mafundi wawili wameniambia kwamba ule mchanga usingetuzuia. Beringi haifi siku moja. Tungepanda Mudende na kurudi, kisha tukafungua kwa raha zetu. Baba alilijua hilo kuliko wao, na bado alisema fungua. Mimi nilisimama pale na spana mkononi na sikumbishia.

Jumamosi tulimpandisha. Mama alilikunja lile koti, akaliweka kwenye kiti cha mbele, halafu akapanda nyuma kukaa na jeneza. Niliendesha mpaka Mudende, na ekseli haikulia hata mara moja.